Mnunuzi yuko ng'ambo, gari iko Jinja: sente iingie kwanza

Dada mmoja wa Jinja, hapa Uganda, ameniandikia, nimefupisha kidogo: "Nauza Toyota Harrier yangu ya 2008, nimeitangaza mtandaoni kwa shilingi milioni 38. Ndani ya siku mbili nimepata watu wawili. Wa kwanza anasema ni injinia wa meli, kwao Uingereza, hajaomba hata kupunguziwa, anasema atalipa dola 14,000 badala ya 10,500 ambayo ndo bei yangu, halafu hiyo 3,500 inayozidi nimtumie ajenti wake wa usafirishaji. Wa pili yuko Juba, Sudan Kusini, anabishana bei mpaka nachoka, anataka ndugu yake aje aione gari. Mume wangu anasema tumchukue wa kwanza maana hana maneno mengi. Kaka, tufanyeje tusilizwe?"

Dada yangu, asante umeuliza mapema. Mi nimekaa kwenye biashara ya magari na kliaringi (kupitisha magari forodhani) miaka mingi, Nakawa hapo Kampala kwenye mabondi (yadi za magari yanayosubiri kulipiwa ushuru), safari za mipakani, Malaba na Elegu, ndo maisha yangu, na wanaokuja kuniona wengi wanakuja gari ishaenda, sasa hapo mtu unabaki kumpa pole tu. Wewe bado gari iko nyumbani na kadi (logibuku, hati ya umiliki wa gari) iko kabatini, kwa hiyo tuna nafasi.

Huyo wa kwanza achana naye leo. Usimjibu hata kumtukana, mbloki. Nitakueleza kwa nini, ili na shemeji aelewe asije akafikiri nimekuharibia dili.

Fikiria hesabu yenyewe. Harrier kufika Uganda imelipiwa ushuru wa forodha, VAT asilimia 18, na kodi ya mazingira juu, ndo maana inafika hiyo milioni 38. Yaani sehemu kubwa ya bei yako ni kodi iliyokwenda serikalini. Sasa mtu wa Uingereza, nchi ambayo sisi wenyewe tunaagiza magari yaliyotumika kutoka kwao, anunue kodi ya Uganda, halafu gari ipandishwe barabarani zaidi ya kilomita 1,000 mpaka bandari ya Mombasa maana sisi hatuna bahari, ipakiwe melini, ifike kwao alipe tena? Kwa Harrier ya 2008? Hakuna mtu mwenye akili zake anafanya hivyo. Mnunuzi wa nje akikufuata, swali la kwanza ni hilo, huko aliko gari ya aina hii inapatikana kwa bei gani, na kwa nini aje kuitafuta kwako.

Halafu ona alivyoongea. Hajauliza kitu. Harrier yako hiyo kama ni ya cc 2400 ina injini ya 2AZ, na kila fundi wa Kisekka, soko la spea Kampala, anajua hizo injini zikizeeka zinakula oili. Mnunuzi wa kweli atakuuliza inakunywa oili kiasi gani, ilishagongwa, gia inaruka, shoki zimebadilishwa lini, atakusumbua mpaka uchoke. Yule wa Juba anayekuchosha ndo anaongea kama mtu ambaye pesa ni yake. Asiyebishana bei hana mpango wa kulipa hiyo bei.

Sasa hiyo dola 3,500. Hapa ndo wizi wenyewe ulipo. Atakutumia hundi ya benki ya nje, au karatasi ya benki inayoonyesha ametuma, au imeili iliyojifanya inatoka PayPal inasema hela yako ipo ila imeshikiliwa mpaka umlipe msafirishaji na upeleke namba ya risiti. Wewe unakwenda Western Union au kwa ajenti wa mobile money unatuma 3,500 yako ya kweli, halafu baadaye zile 14,000 zinageuka hewa. Hundi ya nje inachukua wiki kadhaa kuthibitishwa, na benki ikikuwekea kwenye akaunti mapema halafu ikarudi haina kitu, benki inazikata kwako, deni linakuwa lako. Kuna watu wamepoteza hela na gari wameishikilia bado, hakuna aliyeigusa, maana mwizi wala hakuitaka gari. Alitaka hiyo chenji.

Kwa hiyo dada shika hili moja kabla ya mengine yote: muuzaji hatoi hela. Ya ajenti, ya bima, ya kufungua akaunti ya escrow (mtu wa kati anayeshika pesa mpaka mali ikabidhiwe), ya kodi ya kutolea pesa, ya nini, hatoi. Pesa inakuja upande wako tu. Mnunuzi mwenye ajenti wake amlipe mwenyewe. Stori yoyote, hata iwe tamu vipi, ikifika mahali pa wewe kutuma sente hapo hapo umeshajua ni nani unaongea naye.

Sasa tuje kwa wa Juba, maana huyo anaweza akawa mtu kweli na sitaki umuogope. Magari kutoka Uganda kwenda Sudan Kusini na Kongo ni biashara ya kila siku, yanapita Elegu, Mpondwe, Bunagana, Vurra. Wao wanaendesha upande wa kulia wa barabara lakini usukani wa kulia kule sio kitu kigeni. Mwambie aulize forodha ya kwao kama gari ya mwaka huo na usukani huo itaingia na atalipa ngapi, hiyo ni kazi yake na aifanye kabla ya kukulipa, asije akarudi kudai pesa eti gari imekwama. (Angekuwa Mkenya ningekwambia moja kwa moja haiwezekani, Kenya hawasajili gari iliyoingizwa ikiwa imezidi miaka 8.)

Ila kuwa mtu kweli hakutoshi. Kuna mchezo unaitesa sana hii biashara na watu wengi hawaujui, na ndo unaoniogopesha zaidi kwako kwa sababu ya hilo neno "ndugu yake". Mchezo uko hivi. Dalali mmoja ananakili tangazo lako, picha zako zile zile, anaitangaza gari kwa milioni 30. Mtu wa Juba anamuona yeye, wewe hakujui kabisa. Dalali anakupigia anasema mi ndo mnunuzi, ndugu yangu atakuja kuiangalia, tafadhali usiongee naye mambo ya bei, nataka kumfanyia sapraizi. Na huyo anayekuja anaambiwa huyo dada ni shemeji yangu, usimtajie bei. Mnakutana, mnasalimiana vizuri, anafungua boneti, anasikiliza injini, anafurahi, anampigia mtu wake Juba, na sente inatumwa kwa akaunti ya dalali. Jamaa anageuka anakwambia dada nipe funguo, tumeshalipa. Wewe unasema hamjanilipa mimi. Nimeshuhudia ugomvi wa namna hiyo mpaka polisi wakaja, watu wawili waaminifu wanaitana wezi na mwizi mwenyewe simu ishazimwa.

Dawa yake ni rahisi. Kabla huyo ndugu hajakanyaga Jinja, piga video call na mwenye pesa mwenyewe. Muone uso, akuonyeshe kitambulisho au pasipoti, na mtamke bei kwa sauti, wewe useme milioni 38 au hiyo mtakayokubaliana, naye aseme. Mwambie pesa itaingia akaunti yenye jina langu hili, hili tu, mtu yeyote akikupa namba nyingine sio mimi. Akija ndugu, rudia hayo hayo mbele yake. Yeyote atakayekuomba usitaje bei mbele ya mtu mwingine, achana na hiyo biashara hata kama inauma.

Halafu picha. Nimeliona tangazo lako, umeweka picha ya logibuku nzima, namba yote inasomeka, toa leo hii. Hiyo picha inatosha mtu kutengeneza kadi feki na kuuza gari yako kwa mwingine. Ziba pia namba ya gari kwenye picha. Mnunuzi akitaka kuhakikisha kadi, aione kwa macho siku ya kuja kukagua, mkononi mwako.

Kukagua kwenyewe kusiwe nyumbani. Hapo Jinja chagua petroli stesheni yenye kamera mchana, nenda na shemeji au fundi wako. Kuendesha gari kujaribu, sawa, ila wewe au fundi mpo ndani ya gari na kitambulisho chake mmeshapiga picha, na funguo ya pili umeiacha nyumbani. Na usimpe mtu gari "akaionyeshe kwa fundi wake" mkabaki mnasubiri, gari inarudi na taili za watu.

Siku hiyo hiyo ya kukagua fungueni boneti, chukueni tochi ya simu, tafuteni namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, na kuna kibati pia. Kwa Harrier hizo itaanza na kitu kama ACU30, kistari, halafu tarakimu saba. Futa vumbi kwa kitambaa, msome tarakimu moja moja mkilinganisha na kadi, mmoja anasoma mwingine anafuatilia kwa kidole. Nimeona gari imelala mpakani siku nne kwa sababu kwenye kadi 3 ilikuwa imeandikwa 8, mnunuzi akapiga simu kwa hasira anadai pesa yake, na muuzaji hakuwa mwizi, hakuwahi kuangalia tu. Ikitofautiana, irekebishwe wewe ukiwa bado na gari.

Sasa pesa. Hapa niwe mrefu kidogo.

Njia nzuri kwa mtu wa nje ni benki kwa benki. Fungua akaunti ya dola kama huna, karibu benki zote zinayo. Yeye anatuma kutoka akaunti yenye jina lake, jina lile lile lililo kwenye pasipoti na litakaloandikwa kwenye mkataba. Hili la jina watu wanalipuuza. Pesa ikitoka kwa kampuni usiyoijua au kwa mtu wa tatu, inawezekana ni pesa iliyoibiwa, akaunti ya mtu imevamiwa, na mwenyewe akigundua benki yake inaidai irudi, akaunti yako inafungiwa na gari ishavuka. Jina likitofautiana mwambie benki wairudishe ilikotoka, na usiwahi kumrudishia wewe kwa njia nyingine.

Dola zinazotumwa na benki kwa kawaida zinapitia benki nyingine ya kati kwanza, nyingi ni New York, ndo maana inachukua siku kadhaa za kazi, na njiani zinakatwa. Waambie makato yote yawe juu ya mtumaji, la sivyo mlikubaliana 10,500 inakuja imepungua dola 20 au 30. Atakutumia karatasi ya SWIFT (mtandao ambao benki zinatumiana taarifa za malipo), wengi wamezoea kuiita MT103. Hiyo karatasi ni taarifa tu, na kuitengeneza feki kwenye simu ni dakika chache.

Nikupe mfano. Mwaka 2017 mzee mmoja wa Mbale alikuja ofisini kwangu jumatatu asubuhi, ameshika simu kwa mikono miwili. Aliuza Prado ijumaa saa kumi na moja jioni, benki zimeshafunga. Mnunuzi alimuonyesha karatasi ya benki, nembo sawa, jina lake sawa mpaka herufi ya kati, na dakika hiyo hiyo meseji ikaingia kwenye simu ya mzee inasema akaunti yako imepokea. Akatoa funguo na kadi. Nilipoichukua ile simu nikaona vitu viwili. Meseji ilitoka namba ya kawaida inayoanza na 07, na meseji za benki yake za miezi yote ya nyuma zilikuwa kwenye mstari mwingine wenye jina la benki. Na kwenye ile karatasi tarehe iliandikwa mwezi kwanza halafu siku, wakati benki zetu zinaanza na siku. Mzee akaniuliza, kwa hiyo pesa itachelewa? Nilishindwa kumjibu. Ile Prado hatujaiona mpaka leo.

Kwa hiyo ukitumiwa karatasi, sema asante, halafu nenda kaunta mwenyewe, kwenye tawi lako, umuulize ofisa maneno haya haya: pesa imeingia, imeshakomaa, naweza kuitoa yote sasa hivi? Akisema ndiyo, ihamishe hapo hapo kwenye akaunti yako nyingine, ya shilingi au ya akiba, uone inatii. Usiamini meseji, hata yenye jina la benki, hayo majina yanaigwa pia. Usiamini namba ya simu ya "meneja wa benki" uliyopewa na mnunuzi. Na makabidhiano yafanyike jumatatu mpaka alhamisi, asubuhi. Mtu anayelazimisha ijumaa jioni au siku ya sikukuu anajua anachofanya.

Hundi kataa kabisa. Hata ya hapa hapa, Benki Kuu iliweka kikomo cha hundi, hiyo milioni 38 haipiti kwa hundi moja. Escrow ya mtandaoni aliyoichagua mnunuzi pia kataa, kuna tovuti zimetengenezwa vizuri kabisa na ni za mwizi huyo huyo. PayPal kwa gari usihangaike nayo.

Akisema ndugu atakuja na keshi, dola mkononi, inakubalika, wafanyabiashara wa Juba wengi ndo njia yao, ila kuhesabia iwe ndani ya benki yako. Usihesabie kwenye gari wala hotelini. Keshia anazipitisha kwenye mashine moja moja. Na angalia mwaka wa noti, zile za zamani, za kabla ya 2006, forex (maduka ya kubadilisha fedha) za kwetu nyingi zinazikataa au zinakata bei sana, na noti ndogo za 20 na 10 zina bei ya chini kuliko za 100. Sema mapema kwamba unataka za 100, mpya mpya. Jiandae pia benki itakuuliza pesa imetoka wapi, maana sheria ya utakatishaji fedha ya 2013 inawataka waripoti keshi inayozidi milioni 20. Usiogope, wape nakala ya mkataba.

Mkataba uandikwe na wakili, usainiwe na mnunuzi mwenyewe, au kama ndugu anasaini kwa niaba yake awe na barua ya uwakilishi iliyothibitishwa na wakili. Nakala za vitambulisho vya wote, mashahidi wawili, muhuri wa mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji) hapo kwenu hauumizi. Iandikwe namba ya chesisi na ya injini, gari imeuzwa kama ilivyo, na tafadhali iandikwe mpaka saa ya makabidhiano, kwa mfano saa nne na dakika ishirini asubuhi. Ikigonga mtu saa nane hiyo hiyo siku, hiyo dakika ndo itakutetea.

Sasa kadi. Usisaini fomu ya transfa (ya kuhamisha umiliki) ambayo upande wa mnunuzi uko wazi ati "atajijaza mwenyewe huko". Gari itazunguka na jina lako, ikifanya tukio polisi wanakuja kwako, na faini za barabarani zinaendelea kusoma kwako. Gari yako inatoka nchi moja kwa moja, kwa hiyo ajenti wa kliaringi mwenye leseni, analipwa na mnunuzi, afanye diklaresheni ya kusafirisha nje kwenye mfumo wa URA (mamlaka ya mapato), na usajili wa hapa ufungwe rasmi. Siku hizi mambo ya usajili yako Wizara ya Kazi na Uchukuzi, zamani yalikuwa URA, kwa hiyo mwenye kukwambia twende tukamalize kwa "mtu wangu wa URA" huyo muulize maswali. Faini zozote ulizonazo lipa kabla. Kama gari ina mkopo na kadi iko kwa mkopeshaji, maliza hilo kwanza, usiuze kwa maneno.

Mpangilio wangu ni huu: pesa imekomaa, mkataba umesainiwa, funguo, halafu kadi mwisho kabisa. Na mkiwa na uwezo, nendeni na gari mpaka Elegu, nauli ya kurudi sio kitu kubwa mbele ya milioni 38. Usiondoke mpaka ajenti amekupa nakala ya karatasi ya forodha yenye muhuri wa kutoka. Iweke pamoja na mkataba, usitupe, hata ikipita miaka.

Na kama kabla ya kusoma hapa mlishamtumia yule wa kwanza chochote, hata laki mbili ya "fomu", leo hii mpigie kampuni ya simu au Western Union wajaribu kuizuia kabla haijatolewa, masaa ya kwanza ndo yana maana. Halafu nenda polisi hapo Jinja uripoti, uchukue namba ya kumbukumbu, peleka meseji zote, usifute hata moja. Wizi wa mtandao una sheria yake tangu 2011 na CID (wapelelezi wa polisi) wa Kibuli, Kampala, wana watu wa kazi hiyo. Akija mtu mwingine kukwambia anaweza kukurudishia hela yako ukimlipa kidogo, ni wale wale.

Kwa hiyo dada, leo usiku toa ile picha ya logibuku, bloki injinia, halafu muandikie wa Juba umwambie unataka kuongea naye kwa video kesho. Akikubali bila shida, nitumie jina la mji wa mpaka anaotaka kupitia nikueleze makaratasi ya upande huo. Na bei usishuke chini ya 36, Harrier safi haikai sokoni.